Vitabu vya Ziada: kusoma kwa mapana kulikotoka, na kwa nini kunaanza na mwalimu

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikabidhiwa vitu vitatu: boksi la chaki, ratiba ya vipindi na ufunguo wa kabati. Shule siitaji. Ilikuwa wilayani Muleba, si mbali na kwetu Ijumbi. Ndani ya kabati mlikuwa na vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya Kiingereza, vyote vimepigwa muhuri wa shule, na vingi kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kama vilivyotoka kiwandani. Aliyenikabidhi aliniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, hivyo ni vya ziada. Kikipotea kimoja, utalipa."

Nikafunga kabati. Nilitembea na ufunguo ule karibu mwaka mzima huku nikiwalalamikia wanafunzi wangu kwamba hawapendi kusoma. Leo nikikumbuka naona aibu, lakini sikuwa peke yangu. Ukienda shule nyingi za huku kwetu, na za kwingine nchini, utakuta kabati la namna hiyo na mwenye ufunguo wake. Ndiyo maana nataka tujadili historia ya jambo hili. Tatizo la vitabu kukosekana linajulikana sana, lakini la vitabu kuwepo na kutosomwa linazungumzwa kidogo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha ya shule zetu kuna kitabu cha kiada na kitabu cha ziada. Cha kiada ndicho cha somo, chenye mada za muhtasari. Cha ziada ni hivi vya hadithi na maarifa mengine. Sasa neno "ziada" kwa Mswahili wa kawaida ni kilichobaki baada ya kutosheka. Ukishamaliza silabasi, ukishasahihisha madaftari, ukishafanya mtihani wa mwezi, muda ukibaki ndipo unagusa ziada. Na mwalimu gani mwenye darasa la watoto themanini amewahi kubakiwa na muda? Wenzetu wa Kenya katika mtaala wao wa Kiswahili wanasema "kusoma kwa mapana". Naona neno hilo linatufaa zaidi, kwa sababu linasema jinsi ya kusoma, na halisemi kama shughuli hiyo ni ya lazima au ya kubaki.

Kusoma kwa mapana maana yake ni mwanafunzi kusoma vitabu vingi, vilivyo vyepesi kwa kiwango chake, anavyovichagua mwenyewe, kwa ajili ya kufuata hadithi au kujua jambo. Ni tofauti na ile tuliyozoea kuiita ufahamu: kifungu kimoja kifupi, maneno magumu yameandikwa ubaoni, maswali matano mwishoni. Ufahamu una kazi yake. Lakini hakuna mtu aliyepata lugha kwa vifungu vya nusu ukurasa.

Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Harold Palmer, Mwingereza aliyeshughulikia sana ufundishaji wa lugha, alikwisha kutofautisha kusoma kwa kina na kusoma kwa mapana. Miaka ya 1920 Michael West, aliyekuwa Dacca katika Bengal, aliona watoto wa pale wakifundishwa Kiingereza cha kuzungumza ambacho wengi wao wasingekitumia popote, na wakitoka shule hawawezi hata kusoma kitabu. Akaandaa vitabu vyenye maneno machache yanayorudiwarudiwa, kitabu baada ya kitabu, ili mtoto apande ngazi bila kuteleza. Vile vitabu vilivyorahisishwa tunavyoviona leo kwenye makabati ya Kiingereza asili yake ni huko.

Kwa upande wa Kiswahili, historia yetu ina jambo ambalo mara nyingi tunalisahau. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyosanifisha Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, haikufanya kazi ya kamusi na tahajia peke yake. Ilitakiwa pia kuhakikisha watoto wanapata vitabu vya kusoma. Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, ndiye aliyetafsiri *Kisiwa Chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Tunaweza kuvilaumu vitabu hivyo kwa mengi, hasa jinsi vinavyomtazama Mwafrika. Lakini waliovitoa walielewa kwamba lugha ya shule haisimami bila hadithi ndefu za kumshika msomaji. Mapema zaidi, mwaka 1923, lilikuwa limeanza gazeti la *Mambo Leo*, ambalo walimu wengi walilisoma na kuliandikia. Mwalimu wa zama zile, kwa uchache wake, alikuwa msomaji anayeonekana akisoma.

Ijumbi ilikuwa wapi katika hayo? Hapa lazima tuwe wakweli. Kwa wazee wetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya boma na ya safari. Nyumbani ni Kihaya, na maandishi ya kwanza kuingia nyumba nyingi yalikuwa katekisimu na vitabu vya nyimbo za kanisani, kwa Kihaya. Walikuwepo pia waliojiandikia historia yao: F. X. Lwamgira alitoa *Amakuru ga Kiziba* mwaka 1949, kitabu kizito kwa lugha ya nyumbani. Na kabla ya maandishi kulikuwa na enanga. Mtu anakaa jioni kumsikiliza mpiga nanga akisimulia mambo ya mashujaa na watawala, masimulizi marefu, maneno mengine ya kale asiyoyajua, lakini anafuata kwa sababu kisa kimemkamata. Akimaliza hapewi maswali matano. Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 kuhusu tendi hizo za Wahaya. Halafu mtu huyohuyo akawaandikia watoto riwaya za kihistoria kama *Ngoma ya Mianzi* na *Ngome ya Mianzi*. Sijui kama yeye mwenyewe angelisema hivi, lakini mimi naona mstari ulionyooka kati ya mambo hayo mawili. Kusikiliza kwa mapana tulikuwa nako. Kilichotakiwa ni kukihamishia kwenye karatasi.

Kwa hiyo mtoto wa Ijumbi akiingia sekondari anabeba lugha mbili za shule juu ya ile ya mama yake. Siku hizi Kiswahili kimeingia nyumbani zaidi, ni kweli. Hata hivyo Kiswahili cha sokoni hakimtoshi kuandika insha, na Kiingereza hakisikii popote nje ya darasa. Asiposoma, ataipata wapi lugha?

Mkoa wetu umewahi kuwa katikati ya jaribio kubwa la kusoma. Mwaka 1968 serikali, pamoja na UNESCO na UNDP, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, kwa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ndiyo Kagera ya leo. Vitabu vyake vya kusomea vilihusu kazi za watu: pamba, ng'ombe, uvuvi, migomba. Walimu wake wengi walikuwa watu wa kujitolea waliopewa mafunzo mafupi. Baadaye kampeni ikawa ya taifa zima, na mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986 takwimu rasmi zilisema ni chini ya asilimia 10.

Lililonivutia katika historia ile ni kilichofuata baada ya herufi. Waliogundua mapema kwamba mtu aliyejua kusoma bila kuwa na cha kusoma atasahau, walianzisha maktaba za vijijini, na mwaka 1974 likatoka gazeti la Kanda ya Ziwa lililoitwa *Elimu Haina Mwisho*. Jina zuri. Halafu ikaja miaka ya 1980, uchumi ukayumba, karatasi ikawa adimu, na maktaba nyingi za vijijini zikabaki na vitabu vilevile vilivyochakaa. Tulikuwa tumefundisha taifa kusoma, tukaliacha bila chakula chake.

Wakati huohuo sekondari zilikuwa na tatizo jingine. Tume ya Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa ngazi mbalimbali. Walichokuta kilitisha: katika Kidato cha Nne karibu mmoja tu kati ya kumi ndiye alikuwa kwenye kiwango ambacho angalau angeweza kuanza kusoma masomo kwa Kiingereza. Kuanza, si kumaliza! Na hao walikuwa wanakaribia kumaliza. Hata hivyo mwaka uleule Mwalimu Nyerere alikitetea Kiingereza akikiita Kiswahili cha dunia.

Jibu lililopatikana ni mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliojulikana kwa kifupi ELTSP, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za Uingereza. Moyo wa mradi ule ulikuwa kusoma kwa mapana: kuzipelekea sekondari za serikali vitabu vyepesi vya hadithi, na kuwaelekeza walimu namna ya kuvitumia. Wako waliopinga msingi wake, wakisema unakitegemeza Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kingefaa. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, ambao mwaka 1987 walichunguza uwezo wa wanafunzi wa sekondari kusoma Kiingereza, waliendelea kuieleza hali hiyo kama mgogoro wa lugha. Mimi niko upande wao katika hoja ya lugha ya kufundishia. Lakini kuhusu njia yenyewe, ya kumfikishia mtoto vitabu vingi vyepesi, siwezi kuipinga. Ni ileile ambayo Kiswahili nacho kinaihitaji.

Ushahidi wake ulikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini ambazo karibu hazikuwa na kitu. Baada ya miezi minane watoto wale walikuwa wamepiga hatua katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida. Visiwa vya Fiji viko mbali, lakini darasa lile lenye kuta tupu na mtoto anayejifunza kwa lugha isiyo ya mama yake, sisi tunalijua.

Kiswahili kilipata mtetezi wake mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi ulifundisha waandishi na wachoraji, ukawahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Baadaye katika miaka ile ya 1990 ukagundua kile nilichokuja kukigundua mimi na ufunguo wangu: kupeleka kitabu shuleni hakutoshi. Ndipo ukaongeza programu ya usomaji na mafunzo kwa walimu, jinsi ya kuwasomea watoto kwa sauti, kupanga kona ya vitabu, kuazimisha. Ni kazi isiyo na sherehe, lakini ndiyo iliyokosekana tangu siku za Johnson. Karne nzima tumekuwa tukihangaikia kitabu, na tumemkumbuka mwalimu mwishoni.

Na ni mwalimu gani tunayemkumbuka? Hapa nije kwenye jambo linaloniuma.

Miaka michache iliyopita mwenzangu mmoja na mimi tuliwakusanya walimu wa lugha wa shule za jirani, Jumamosi mbili, hapa Ijumbi. Walikuja kumi na wanne. Hatukuwa na posho ya kuwapa, tulikuwa na chai, ndizi na maboksi mawili ya vitabu. Swali letu la kwanza lilikuwa jepesi: kitabu gani cha mwisho ulichosoma bila kulazimishwa na mtu?

Kimya. Mmoja akataja Biblia, wenzake wakacheka kidogo, naye akacheka. Halafu mwalimu mmoja mtu mzima, tunayemheshimu sote, akasema taratibu, "Waitu, mimi nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili. Riwaya nilizosoma ni zile za mtihani. Na nyingine hizo nimesoma mwongozo wake."

Hakuna aliyemcheka. Maana kila mmoja wetu alijua anachosema. Sisi ndio mazao ya madarasa yale ya ufahamu wa maswali matano. Tulisoma *Takadini* na *Watoto wa Mama N'tilie* kwa sababu vilikuwa kwenye orodha, tukakariri dhamira, ujumbe na wahusika, tukajibu swali, tukafaulu. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili walipewa *Hawa the Bus Driver* na *Mabala the Farmer* vya Richard Mabala, vitabu vya kuchekesha kweli, na sisi tukavifanya visichekeshe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 shule za kata zikaongezeka kwa haraka, na walimu wakahitajika haraka vilevile. Chuoni tulifundishwa mbinu za kufundisha kusoma. Hakuna aliyeuliza kama sisi wenyewe tunasoma.

Richard Day na Julian Bamford, walioandika sana juu ya kusoma kwa mapana tangu mwaka 1998, wameorodhesha kanuni kumi za njia hii. Ya kumi ni kwamba mwalimu awe mfano wa msomaji mbele ya wanafunzi wake. Wao wameiweka mwisho. Kwa hapa kwetu mimi ningeiweka ya kwanza, kwa sababu bila hiyo nyingine tisa hazishiki.

Basi mafunzo yetu tuliyapindua. Hotuba tuliyokuwa tumeiandaa tukaiweka pembeni. Kila mwalimu akachagua kitabu kwenye maboksi, tukakaa chini ya miti tukasoma dakika arobaini, bila maswali mwishoni. Dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu. Watu walikuwa wanatazama simu. Kisha pakatulia. Mwalimu mmoja wa Kiingereza alikuwa anasoma kitabu chembamba cha watoto, akaanza kucheka peke yake, na alipoulizwa akakataa kusema: "Mtakisoma wenyewe." Jumamosi ya pili walikuja na vitabu walivyoazima, na wengine walitaka kubadilishana. Hapo ndipo tukaanza kuzungumza kuhusu darasa.

Tulizungumza mambo madogomadogo. Daftari la kuazimia, ambalo wanafunzi wenyewe ndio wanalitunza. Namna ya mtoto kujua kama kitabu kinamzidi: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno asilolijua, vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, achukue kingine. Robo saa ya kusoma kimya, mwalimu naye akiwa na kitabu chake, si na madaftari ya kusahihisha. Na lile kubwa, kukubaliana na mkuu wa shule mapema, kwa maandishi, kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kitafutwa kwenye orodha bila mtu kukatwa mshahara. Walimu walitaka sana maandishi hayo. Hofu ya kulipa ndiyo kufuli la kweli.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Mwenzetu mmoja alifungua kabati lake kwa moyo mmoja, ila akaagiza kila anayerudisha kitabu alete uchambuzi wa fani na maudhui. Wiki ya tatu hakuna aliyekuja kuazima. Alikuja kuniuliza amekosea wapi, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumuuliza kama yeye, riwaya aliyoimaliza mwezi ule, aliiandikia uchambuzi. Akaniangalia, akasema, "Hapana, nilimsimulia mume wangu." Darasani kwake siku hizi wanasimuliana.

Shule nyingine hazijabadilika. Mwalimu akihamishwa, ufunguo unarudi kwa mtu mwingine na kabati linafungwa tena. Ndio udhaifu wa mafunzo ya watu wachache wenye nia njema: yanasafiri na mtu. Vyuo vya ualimu, kuanzia Katoke yetu hapa Muleba, vingeweza kulimaliza tatizo hili kwa njia rahisi, kwa kumtaka mwalimu mtarajiwa wa lugha asome vitabu ishirini, thelathini, vya kuchagua mwenyewe, kabla hajapewa cheti. Havihitaji hata kuwa vizito. Vya watoto vinatosha, maana ndivyo atakavyokwenda kuvitoa kabatini.

Na lile kabati langu? Mwaka wa pili nililifungua. Kwa mahesabu yangu tulipoteza vitabu kumi na kimoja, na nililipia vitatu kabla mkuu wa shule hajanionea huruma. Kimoja katika hivyo kumi na kimoja kilirudi baada ya miaka miwili. Alikileta mtoto ambaye sikumfahamu, mdogo wake aliyekiazima. Jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, kurasa zina alama za masizi ya jikoni. Nikamuuliza kilikuwa wapi siku zote hizo. Akasema kilikuwa nyumbani, walikuwa hawajamaliza, kwa sababu mama naye alikuwa anakisoma.